Ubeti wa Kapu

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu makontena Kilindini,
herufi nne, tarakimu saba, bila kalamu sikioni;
meli ikiondoka ningekutajia kila sanduku
na ubavu lililolalia.
Kisha Ijumaa moja, baada ya alasiri,
nikasimama Kibokoni mbele ya mlango
nikitia ufunguo, nikizungusha, nikiilaani kutu.

Mlango ulifunguliwa kwa ndani.
Bi Mwanashee, jirani wa nyumba ya nne,
alinitazama, akautazama ufunguo, akasema:
"Afadhali umekuja, Bwana Twalib,
nilikuwa natafuta wa kubeba sahani hii kwenu."
Akamtoa mjukuu wake, Nadhif, anishike mkono,
kana kwamba sahani ndiyo iliyohitaji watu wawili.
Hajalitaja tena hadi leo.

Kliniki ya Ganjoni, Daktari Mwachiro
alinifunga kitambaa mkononi, kikavimba, kikashusha pumzi:
mia na sabini na nane juu ya mia na nne.
"Ubongo hunywa damu, mzee,
kama shamba linywavyo mferejini.
Mfereji wako una matope."
Hakuniahidi kitu. Alisema si yote yarudiyo,
ila yaliyobaki yana haki ya kutunzwa.
Nikaomba dawa. Akaandika vidonge,
kisha akaigeuza karatasi, na nyuma yake akaandika
mchicha.

Basi chai yangu ya vijiko vinne
ikashuka vitatu, viwili, kimoja na machozi.
Mahamri yamebaki ya Ijumaa.
Viazi karai vya pembeni hunisalimu kwa harufu;
naitikia, napita.
Mbaazi bado nala, ila za tui jepesi,
kwani binti yangu Swafiya ameapa
la kwanza hatalikamua hadi Idi.
Na dagaa, niliowaita chakula cha paka,
sasa nawatafuna na vichwa vyao
nikiwaza: huenda vichwa vidogo hivi
vikakisaidia changu.

Alfajiri natembea hadi Mama Ngina.
Sihesabu hatua, nahesabu nyumba:
ya fundi saa, ya ngazi za buluu,
ya marehemu Bi Kauthar aliyeuza achari,
ya... ile.
Ile husimama kimya ikinisubiri,
na siku nyingine jina huja nikiwa mbali,
nikalitamka kwa sauti, wapita njia wakageuka.

Jioni runinga nimeizima.
Bi Esha wa Siyu ananifunza kushona kofia,
mimi, mwenye vidole vya kushikia muhuri!
Vitobwe havina mwisho.
"Kosea," huniambia, "kisha fumua.
Kufumua nako ni kushona."
Saa nne taa. Simu hulala jikoni na masufuria.
Usingizi, alisema daktari, ndio mfagiaji wa kichwa;
ukimfungia nje, taka hulala ndani.

Lakini mtihani wenyewe ni kapu.
Karatasi siitaki. Nilitunga ubeti,
mizani nane kila mshororo,
niufikishe Marikiti mzima:

*Mchicha tia kapuni,*
*dagaa wa baharini,*
*chumvi iache dukani,*
*sukari ni ya kuaga.*

Miezi mitano umenifaa.
Jumanne iliyopita, kati ya muuza ndimu
na mkokoteni wa barafu, mshororo wa tatu ulidondoka.
Nilijua una chumvi. Nilijua una duka.
Kilichokuwa katikati sikukipata.

Nikarudi na kilo mbili za chumvi.

Swafiya aliitazama mezani, akanitazama,
midomo ikamtetemeka, nikadhani atalia.
Akacheka. Nami nikacheka
hadi Nadhif akaja kuchungulia kuna nini.
Chumvi nilimpelekea Bi Mwanashee, ana papa wa kukausha.
Niliipanga juu ya sahani yake ileile,
nikabisha hodi,
ufunguo ukiwa mfukoni.